Mahali Tayari

Tulimzika Masanja kule Buswelu siku ya Alhamisi, na alasiri hiyohiyo, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka na viti vya kuazima wakisubiri chakula, mwanangu Kulwa alianza kuisimulia hadithi ya telegramu. Anaisimulia vizuri kuliko mimi, labda kwa sababu ilipotokea alikuwa na miaka miwili na hakuelewa chochote. Humwigiza marehemu kwa kugeuza kila r kuwa l, kisha huniigiza mimi nikiteremka kwenye treni na suti ya sufu katika joto la Dar es Salaam. Waombolezaji walicheka huku wakijifuta machozi, jambo ambalo Masanja mwenyewe angelipenda. Nilicheka pia. Nimekuwa nikicheka palepale kwenye hadithi hiyo kwa karibu miaka thelathini, kwa adabu, kama mtu anayesimama wimbo wa taifa ukipigwa. Lakini hadithi hiyo ina kipande ambacho Kulwa hakijui, na mtu pekee aliyekijua tulikuwa tumetoka kumfukia. Hivyo ndivyo nilivyodhani siku ile.

Mwaka wa Uhuru tulikuwa tumepanga vyumba viwili Pasiansi, nyuma ya jiwe. Mwanza watu huelekezana kwa mawe, na letu lilikuwa kubwa kuliko nyumba yenyewe, limeegemea ukuta wa uani kana kwamba limechoka na lenyewe. Juu yake tulianika nepi za mapacha, na pimbi waliokaa kwenye nyufa walitoka asubuhi kuzikagua. Ndani kulikuwa na kitanda kimoja kikubwa, kimoja kidogo, meza yenye mguu mfupi, na ukutani picha yangu nikiwa na joho siku ya kupokea shahada kule Kampala. Niliitundika juu ya msumari uliokuwa tayari ukutani. Baadaye kidogo mke wangu alifunga kamba kwenye msumari huohuo kwa ajili ya nguo za ndani wakati wa mvua, kwa hiyo kuanzia Novemba msomi yule aliwatazama wageni kutoka nyuma ya soksi ndogo nne. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Katika mkoa mzima waliokuwa na karatasi kama yangu ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja, na sikuacha siku ipite bila kulifikiria benchi hilo.

Nilikuwa nafundisha sekondari asubuhi; Minza, mke wangu, alikuwa muuguzi wa zamu ya mchana kwenye zahanati. Tulikutana kila siku saa nane kasoro, njiani, yeye akishuka na mimi nikipanda, na pale ndipo tulipokabidhiana nyumba. Hakusimama. Alikuwa akisema akitembea, na mimi nikageuka kumfuata hatua chache ili nisikie mwisho wa orodha. "Kabula kala. Kulwa kala. Doto kasusa. Uji uko kwenye chupa ya chai, usimwachie Kulwa chupa. Wako kwa Mama Zuhura. Kabula ana neno la kukuuliza kuhusu Mungu, mwambie kesho." Mama Zuhura, jirani yetu wa ua mmoja, mzaliwa wa Ujiji, aliwashika watoto kwa nusu saa ile ya kupishana huku akikaanga vitumbua vyake, na alinipokea kila siku kwa maneno yaleyale: "Karibu kazini, Mwalimu. Kule ulikotoka ulikuwa likizo."

Alikuwa akisema kweli, na kweli ile iliniudhi. Kuanzia saa nane hadi jua linapoelekea ziwani nilikuwa mali ya watu watatu wasiofika urefu wa meza. Kabula, mwenye miaka mitano, aliuliza. Kulwa alibomoa. Doto, pacha wa pili, alifanya jambo moja tu, lakini alilifanya kwa moyo wote: hakula mpaka Kulwa awe amekula kwanza. Ukimwekea tonge mdomoni aliziba mdomo, akauliza kwa pua, "Kulwa kala?" Ilibidi Kulwa aitwe kutoka chini ya kitanda, apewe tonge la ugali na kipande cha sato kilichochambuliwa miiba, atafune mbele ya mashahidi, ameze. Ndipo Doto alipofungua mdomo. Tonge la pili, swali lilelile. Mlo wa watoto wawili ulichukua saa nzima na robo, na wangu niliula mwishoni, umepoa, nimesimama, mara nyingi kutoka kwenye sakafu ya sinia. Baada ya hapo palikuwa na beseni uani, maji yaliyopashwa juani juu ya jiwe, na watoto wawili wenye utelezi kama kambare. Kuna siku nililala nikiwa nimekaa kwenye kigoda, sabuni mkononi, na nilipoamka Kabula alikuwa akiwaambia wenzake kwa sauti ya chini, "Msimwamshe Baba. Anafikiri."

Sikuwa nikifikiri. Nilikuwa nimechoka uchovu ambao vitabu vyangu havikuutaja, na ndani yake kulikuwa na kinyongo. Nchi ilikuwa inajitawala. Wazungu walikuwa wakifunga masanduku, na viti vyao vilikuwa vikijazwa na watu niliokuwa nikiwasaidia kuandika insha. Mmoja aliniandikia kutoka Dar es Salaam barua fupi iliyopigwa kwa taipu, na sikuiona barua, niliiona taipu. Hata sherehe za Uhuru mjini sikuzishuhudia sawasawa. Asubuhi ile nilikwenda uwanjani na Doto mabegani, na watu walipoanza kushangilia alininong'oneza kwamba amebanwa, kwa hiyo gwaride lilipopita mbele ya bendera mpya mimi nilikuwa nyuma ya kichaka cha minyaa nikimshika mtu suruali. Nilirudi shati limelowa upande mmoja. "Umeiona bendera?" Minza aliuliza. Nikamwambia ni nzuri sana.

Masanja, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa karani bandarini Dar es Salaam, na ndiye niliyemtuma kupeleka maombi yangu ya kazi wizarani kwa mkono, maana niliamini posta ilikuwa inayapoteza makusudi. Masanja hakuwahi kutamka r maishani mwake. Alikuwa akisema balabala, lafiki, selikali, na tulipokuwa wadogo tulimlipa peremende aseme "rarua karatasi ya kura." Hakukasirika kamwe. Alisema ulimi wake ni wa Kisukuma, haukuomba kazi ya Kiswahili. Mwezi wa Januari aliniandikia barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema amekwenda wizarani mara tatu na wamemwambia asubiri. Ukurasa wa pili ulianza, "Kaka, kuna jambo jingine la kwangu mimi mwenyewe," na hapo nikasikia kishindo jikoni. Niliporudi, Kulwa alikuwa ameshaufanya meli. Ilikuwa ikielea kwenye beseni, wino umeyeyuka, imebeba shehena ya dagaa watatu. Niliwaza kwamba jambo la Masanja litakuwa ni viatu.

Telegramu ilifika majuma matatu baadaye. MAHALI TAYARI NJOO UPESI MASANJA. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni na Doto amening'inia mguuni, na nakumbuka jambo la kwanza nililofanya ni kumwondoa mguuni, taratibu, kama mtu anayevua kiatu cha kazi. Minza aliporudi jioni aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma kuna zaidi.

"Mahali gani?"

"Wizarani. Pangekuwa wapi?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza." Akaiweka mezani, akaikandamiza na kijiko. "Na sisi?"

"Mtanifuata. Nikishapata nyumba."

"Baba Kabula, neno moja halitoshi kuhamisha watoto watatu."

Nilimweleza kwamba telegramu hulipiwa kwa neno na kwamba watu wakubwa hawana maneno mengi. Akaenda kumwosha Kulwa masizi. Habari ilikuwa imeshavuka ua. Fundi cherehani, mume wa Mama Zuhura, alinishonea suti ya sufu kwa siku nne. Mkuu wa shule alinipa ruhusa ya majuma mawili, nami nilimshukuru kwa sauti ya mtu asiyerudi. Siku ya kuondoka Mama Zuhura alinifungia vitumbua kwenye gazeti. "Ukifika kwenye kiti chako cha kuzunguka," alisema, "usizunguke sana, utasahau ulikotazama." Minza hakuja stesheni. Alikuwa na zamu. Tulipishana palepale njiani, saa nane kasoro, mimi na sanduku nikishuka naye safari hii akirudi ghafla kuchukua ufunguo aliousahau, na alisema tu, "Doto kasusa tangu asubuhi." Sikugeuka kumfuata ili nisikie zaidi.

Nataka niwe mkweli kuhusu treni ile, kwa kuwa sikuwahi kuwa mkweli kuihusu. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa ya cheo. Nilikuwa nakunywa chai ya moto. Nilikunywa kikombe kizima, kikiwa moto mpaka mwisho, nikitazama mashamba ya pamba yakirudi nyuma, na hakuna aliyeniuliza chochote kuhusu Mungu. Nilisoma gazeti kutoka ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Siku ya pili, mchana, tukiwa tumepita Tabora, waliniletea wali na nyama. Nilikuwa nimeshika uma huku nikitazama dirishani, na nilipoiangalia sahani niliona nimeikata nyama yote vipande vidogo sana, vya ukubwa wa ukucha, na nusu yake nimeisogeza pembeni. Mzee wa Kinyamwezi aliyekaa mbele yangu alikuwa akinitazama kwa huruma. "Meno, kijana?" aliuliza. Nikasema ndiyo, meno.

Masanja alikuwa stesheni, amevaa kanzu mpya, uso unang'aa. "Shikamoo, kaka. Umeleta na suti. Safi sana, wakwe watafulahi."

"Marahaba. Mahali penyewe ni wapi?"

"Mahali iko kwangu, chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda?"

"Kwenye sanduku, kaka. Blanketi mbili, kanzu ya baba mkwe, mkaja wa mama. Pesa nimezitia kwenye soksi. Kesho saa nne tunapeleka, nawe ndiye msemaji, maana baba hawezi kusafili. Si nilikuandikia? Ukulasa wa pili wote."

Nilikaa juu ya sanduku langu. Mahari. Ilikuwa mahari tayari, ya binti wa Kizaramo wa Kariakoo, na mimi niliyekuwa nikiwapigia wanafunzi mstari mwekundu kwa herufi moja nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa kutosikia herufi ambayo mdogo wangu hakuwahi kuwa nayo. Baadaye tulipambanua ilivyokuwa. Masanja aliitamka dirishani kwa karani wa simu, "mahali tayali." Karani, mtu makini, alisahihisha "tayali" kwa sababu hakuna neno kama hilo. "Mahali" aliliacha, kwa sababu lipo. Masanja alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Kesho yake nilipeleka mahari ya watu nikiwa na suti ya sufu, nikajibu mafumbo ya wazee wa Kizaramo kwa jasho jingi, na mahari ikapokelewa. Hapo ndipo Kulwa humalizia hadithi: baba akarudi Mwanza na sanduku lake, amepata shemeji badala ya cheo. Watu hupiga makofi.

Lakini siku iliyofuata, kwa kuwa suti ilikuwepo na mimi nilikuwepo ndani yake, nilikwenda wizarani. Masanja alinisindikiza akangoja kwenye ngazi. Nilipelekwa kwa ofisa mmoja Mwafrika, mtu mpole mwenye feni mezani, ambaye alilitafuta faili langu kwenye rundo, akalifungua, akasema, "Wewe ndiye? Tulikuwa tukuandikie." Mahali palikuwepo. Cheo, mshahara, meza iliyoonekana kutoka pale tulipokaa, karibu na dirisha. Nilikuwa naanza mwezi wa tatu. Akaniagizia chai. Aliniuliza kama nina familia, na nikaanza kumjibu kwa kifupi, nikajikuta baada ya muda bado naeleza kwamba pacha wa pili hali mpaka wa kwanza awe amekula, na kwamba si ukaidi, ni kama utaratibu wa kimahakama, na chai imepoa mbele yangu. Ofisa alisikiliza kwa subira.

"Utakuja peke yako kwanza," alisema. "Nyumba za familia ni shida. Mwaka, mwaka na nusu hivi."

Alidhani anajua ninachofikiri, na akataka kunifariji.

"Watoto wa umri huo hawana neno, bwana. Hawakumbuki kitu. Mimi wangu niliwaacha hivyohivyo, niliporudi walinizoea baada ya majuma mawili."

Sijui kama alielewa alichosema. Hakikuwa kibaya, na kilikuwa kweli. Niliitazama ile meza ya dirishani na kwa mara ya kwanza nikawaza saa nane kasoro mchana, Minza akishuka njia ile peke yake, orodha iko mdomoni na hakuna anayepanda kuipokea. Nilijiuliza ni nani sasa hivi anatafuna mbele ya Doto. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimechoka kwa miaka miwili mfululizo, na niligundua nikiwa mbele ya feni ya serikali kwamba sikutaka mtu mwingine achoke badala yangu. Hayakuwa mawazo ya kishujaa. Nilimshukuru, nikasema nitaleta jibu, nikatoka.

"Umepata?" Masanja aliuliza.

"Nimepata."

"Sasa?"

"Narudi nyumbani."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko au kwa ushauri. "Watu watakuuliza," alisema. "Mama Zuhula atakuuliza kabla hujashusha sanduku."

"Najua."

"Basi waambie ni mimi. Sema ni ulimi wa Masanja. Ulimi huu umezoea kubeba lawama."

Na aliibeba lawama ile. Katika kila harusi na kila msiba aliyekaa karibu naye alimwomba aseme "mahari," naye alisema "mahali," na watu wakacheka, na akanitupia jicho dogo ambalo hakuna mwingine aliyelifahamu. Nilifika Mwanza saa nane mchana, nikatembea hadi Pasiansi nikiwa na sanduku kichwani. Mama Zuhura aliniona kwanza. Aliuliza, nikamjibu kuhusu ulimi wa Masanja, akaweka mwiko chini na kucheka mpaka kitumbua kikaungua. Doto alikuwa amekaa juu ya mkeka na bakuli la matobolwa mbele yake, viazi vile vya kukauka vilivyochemshwa, hajavigusa. Alinitazama bila mshangao wowote, kana kwamba nilitoka kuchota maji. "Kulwa kala?" aliniuliza. Nilikwenda chini ya kitanda kumtafuta Kulwa, na suti ya sufu ikachanika begani.

Ningependa kuandika kwamba tangu siku hiyo niliifurahia kila saa. Sikuifurahia. Kulikuwa na surua, kulikuwa na mvua ya majuma mawili, na mwaka uliofuata akaja Shija, jina ambalo sisi Wasukuma humpa anayefuata mapacha, labda kuwaonya majirani. Mara nyingi nilikaa kwenye kigoda kile nikiwaza meza ya dirishani. Lakini niliiwaza kama mtu anavyowaza mvua akiwa ndani. Mchana, wakishashiba wote, kulikuwa na dakika kama kumi ambazo jiwe lilitupa kivuli uani, mapacha wamelala miguu imepandana, Kabula anamsomea pimbi gazeti ambalo hawezi kulisoma, na mimi namalizia makombo ya sinia. Sikuwa na jina la kuziita dakika hizo. Ningeulizwa ningesema nimechoka. Na ofisa yule alikuwa sahihi: hawakumbuki kitu. Nimewauliza wote. Kulwa hakumbuki meli, Doto anakula bila kumngoja mtu na tumbo lake ni ushahidi, na Kabula ni mwalimu na hana swali lolote kuhusu Mungu. Mimi ndiye ninayekumbuka. Nadhani hilo ofisa hakulipigia hesabu.

Minza sikumwambia. Mwanzoni niliogopa angesema nirudi nikapachukue mahali pangu. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Baadaye ikawa imepita mno. Lakini jioni ile ya Alhamisi, tumerudi kutoka Buswelu, amekaa jikoni amevua viatu na miguu imemvimba kwa kusimama makaburini, ilikuwa kama namwona Masanja akinitupia lile jicho, na nikajua sasa hakuna wa kuibeba siri ile pamoja nami.

"Mama Kabula," nikasema, "ile safari ya mahari. Mahali palikuwepo."

Alikuwa akinywa maziwa. Alimeza kwanza. "Najua."

"Masanja alikwambia?"

"Masanja? Masanja angekufa kwanza, na amekufa." Akafuta mdomo kwa upande wa khanga. "Wizara waliandika. Barua ilifika baada ya Pasaka, wanauliza kwa nini hukuripoti. Ulikuwa shuleni."

"Iko wapi?"

"Nilimpa Kulwa. Akaifanya meli."

Huko nje jirani alikuwa akimwita mtoto aje kuoga, na mtoto alikuwa hajasikia kwa namna ambayo watoto huwa hawasikii.

"Miaka yote hii," nikasema. "Mbona hukusema neno?"

"Ningesema, ungejua kwamba umefanya jambo kubwa." Alinyoosha miguu, akafumba macho. "Mwanaume akishajua amefanya jambo kubwa, haoshi tena vyombo."

Vilikuwa vikombe viwili na sufuria ya maziwa. Nilivua koti la msibani, nikakunja mikono ya shati.